Miaka Minne Niliyomwongezea

Kabla sijawa mkalimani wa mahakama nilikuwa mwandishi wa fomu. Nilikuwa na meza ya mbao, kiti changu, na debe lililopinduliwa kwa ajili ya mteja, nimekaa kwenye baraza ya duka la nguo mkabala na ofisi za serikali mjini Garissa. Watu wa kutoka huko ndani, Habaswein, Modogashe na kwingineko, walikuja na shida zao mdomoni, mimi nikazitia kwenye karatasi. Nilikuwa na hati nzuri na nilijivuna nayo. Mungu anisamehe, niliipenda hati ile kuliko nilivyoupenda ukweli wa nilichokuwa nikiandika.

Fomu iliyotafutwa kuliko zote mwanzoni mwa miaka ya tisini ilikuwa ya kipande, yaani kitambulisho. Bara mtu aliweza kukisahau kipande chake nyumbani na bado akashinda salama siku nzima. Kwetu Msomali asiye na kipande alisimamishwa akaulizwa ametoka wapi, babake nani, ukoo gani, na jibu lolote lingeweza kuwa baya. Tulikuwa tumeshachujwa mbele ya makamati, wazee wakatutazama usoni na kuamua nani ni wa huku na nani ni wa ng'ambo ya mpaka. Daraja la mto Tana lilikuwa pale pale mjini na kizuizi chake cha askari. Mtu akilivuka, tulisema ameenda Kenya. Tulisema hivyo bila hata kucheka.

Sheria ilisema kipande apewe aliyetimiza miaka kumi na minane. Lakini mifugo haimngoji mtu atimize miaka. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyekwisha kurefuka alikuwa tayari akisafiri juu ya lori la ng'ombe, na askari walimwona mrefu wakamdai kipande. Kwa hiyo wazazi walifanya kama kila mtu alivyofanya: walimwongezea mtoto miaka. Wazee wakaapa, kamati ikakubali, mimi nikaandika. Hatukuuita uongo. Tuliuita kumsaidia mtoto.

Baba mmoja wa Habaswein alinijia asubuhi moja na mwanawe. Mtoto alikalia debe na kuitazama kalamu yangu. Nikamwuliza baba kwa Kisomali kijana ana umri gani.

"Unataka wa kweli au wa kipande?" akasema.

Tukacheka sote watatu. Wa kweli, alisema, ni gu kumi na tano. Gu ni masika yetu, na sisi huhesabu umri kwa masika ambayo mtu ameyaona. "Lakini wewe, walaal, ndugu yangu, andika kumi na tisa. Wakiona kumi na minane wanatia shaka, kila mtu anaandika kumi na minane." Niliona ana akili. Nikaandika mwaka wa kuzaliwa unaolingana na kumi na tisa, kwa ile hati yangu nzuri, halafu nikamfundisha kijana aukariri mpaka akautamka bila kusita, maana askari wa kizuizi hupenda kuuliza ghafla. Alikuwa mwanafunzi mwepesi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, akijua Kiswahili cha kuombea maji na cha kuhesabu mbuzi.

Mwaka uliofuata niliajiriwa mahakamani. Nilinunua shati jeupe na viatu vya kamba, nikaanza kuwakwepa watu niliowahi kuwaandikia fomu barazani. Kazi yangu ikawa kusimama kati ya mtu na hakimu na kuyapitisha maneno. Mara chache sana alikuja jaji wa Mahakama Kuu kutoka bara kusikiliza kesi za mauaji, na wiki hizo nilipiga pasi shati langu kila siku.

Katika wiki kama hiyo yule kijana wa Habaswein akaletwa kizimbani. Alikuwa ameshakaa rumande karibu miaka miwili, na sikumtambua. Alikuwa amepanuka mabega, ndevu zimeanza kuota kidevuni. Karani akamwuliza alizaliwa mwaka gani. Akautaja bila kusita, kama tulivyofanya mazoezi. Niliutambua mwaka kabla ya kuutambua uso. Nikautafsiri, na jaji akauandika.

Aliua, hilo halikubishaniwa. Ilikuwa kiangazi, kisimani, ngamia wa watu wengi wakingoja zamu. Mwanamume mmoja mwenye mke na watoto aliwasukuma ngamia wake mbele ya wa kijana. Kijana alipolalamika akachapwa kwa fimbo mbele ya watu, na ndoo yake ya kutekea maji ikatupwa. Akachomoa kisu. Lilikuwa pigo moja tu, chini ya mbavu. Shahidi mmoja alisema kwamba baada ya mtu yule kuanguka kijana hakukimbia, alichukua ndoo yake akaendelea kuteka. Mwendesha mashtaka akamwuliza kijana kwa nini alifanya vile, na hapo nilitafsiri jibu ambalo mpaka leo linanichoma. Alisema ngamia walikuwa hawajanywa. Kwa mwendesha mashtaka ule ulikuwa ukatili. Mimi nilisikia mtoto aliyeogopa kurudi nyumbani na ngamia wenye kiu.

Koo mbili zilikuwa zimeshakaa na kuimaliza damu ile kwa ngamia, kama desturi yetu ilivyo, na baba wa kijana alidhani serikali itaheshimu. Serikali haikuheshimu. Siku ya pili ya kesi nilimvuta pembeni, nyuma ya choo cha mahakama, mahali pasipo heshima kwa mazungumzo kama yale.

"Adeer," nikamwambia, kama tumwitavyo baba mdogo, "sheria hainyongi mtoto. Ikijulikana kwamba siku ya kisima alikuwa hajatimiza kumi na minane, hafi."

Baba akageuka kuangalia kama kuna anayetusikia. "Nikisema nilidanganya kwenye kipande chake, watauliza changu kiliandikwaje. Kisha cha mama yake. Kisha cha kaka yake. Nina watoto sita. Wanasema wewe si wa hapa, wanakutupa mpakani. Na wewe? Aliyeandika ni nani?"

Nikarudi ndani. Wakili aliyewekwa na serikali kumtetea kijana alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alikuwa amemwona mteja wake mara moja, akakiona kipande, akaona hakuna la kuuliza. Nami nikamwacha aamini hivyo. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajaiona yetu, iliyotoka barazani kwangu ikafika Habaswein ikarudi mahakamani kwa miaka mitatu bila kukwama popote.

Siku ya mwisho wazee watatu wa baraza waliokaa na jaji walitoa maoni yao kwamba kijana ana hatia, na jaji akakubaliana nao. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya adhabu. Wakili akasema maneno mawili matatu ya kawaida. Ndipo mama wa kijana akasimama kutoka benchi la nyuma.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio wake umepauka kwa jua. Wala hakuwa ameambiwa asimame. Jaji alimruhusu, nadhani kwa kuwa alitaka kwenda kula. Mama akazungumza kwa Kisomali, polepole, kama mtu anayeacha nafasi ili maneno yabebwe vizuri.

"Huyu ni mtoto," alisema. "Nilimzaa gu iliporudi baada ya ukame ulioua ng'ombe wote wa baba yangu. Hesabuni wenyewe. Miaka ya kwenye kile kipande si yake, aliandikiwa. Na aliyemwandikia ni huyu hapa anayewapa maneno yangu."

Jaji aliinua kalamu akiningoja. Nikasema kwa Kiswahili: "Mheshimiwa, anasema huyu ni mwanawe, alizaliwa mvua iliporudi baada ya ukame. Anaiomba mahakama imhurumie."

Ukumbi ule ulijaa watu waliojua Kiswahili cha kutosha. Walikisikia nilichokitupa. Hakuna aliyesema. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akajishughulisha na tasbihi yake. Mmoja wa wazee wa baraza, jirani yangu kabisa, akaangalia sakafu. Kila mmoja mle ndani alikuwa na kipande mfukoni, na wengi kati yao walijua kilivyopatikana. Uzi mmoja ukivutwa, nguo yote ingefumuka. Kijana alinikazia macho kutoka kizimbani. Kiswahili chake cha darasa la nne kilitosha. Naye alinyamaza, nadhani kwa sababu babake alikuwa amenyamaza.

Mama hakujua Kiswahili. Aliona nimefungua kinywa, aliona jaji ameandika. Akaketi, akautengeneza mtandio wake, na uso wake ukatulia. Aliamini amefikisha. Nimeona mengi maishani, ila uso ule ndio nisioweza kuutazama hata kwenye kumbukumbu.

Jaji alisema atasoma adhabu saa nane. Nilikwenda mkahawani nikaagiza chai ya maziwa ya ngamia, na sikuweza kuinywa. Mzee mmoja tuliyeswali naye msikiti mmoja akaja, akakaa mbele yangu, akamwita mhudumu akalipia chai yangu. Akaniinamia.

"Allah akulipe kheri," akasema. "Umetusitiri. Funika kombe mwanaharamu apite."

Methali aliisema kwa Kiswahili, kwa lafudhi yetu, na akanipiga begani kama mtu anayempongeza bwana harusi. Nilitoka nje nikaiacha chai ile mezani. Watu huniuliza nilipata wapi ujasiri wa yaliyofuata, na mimi huwaambia haukuwa ujasiri. Ningeweza kubeba uoga wangu mpaka kaburini. Nilichoshindwa kukibeba ni kupongezwa kwa ajili yake.

Saa nane jaji akaingia, kijana akasimamishwa. Jaji akasoma kwamba kwa kosa la kuua kwa kukusudia sheria inajua adhabu moja tu. Hapo akanyamaza, akanitazama, kwa sababu ilikuwa zamu yangu kuligeuza neno lile kwa Kisomali na kumpa mtoto.

Nikasema, "Mheshimiwa, kuna sentensi ya mama asubuhi sikuitafsiri."

Nakumbuka feni ya darini. Nakumbuka jaji akiweka kalamu chini taratibu sana. Akaniuliza sentensi gani, nikamwambia. Akaniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, ni mimi, nilimwongezea miaka minne, na mwaka ule alioutaja kizimbani nilimkaririsha mwenyewe. Nyuma yangu ukumbi uliguna kwa sauti moja nzito. Mama alikuwa akiwauliza wanawake wa kando yake kuna nini, na ndipo alipoambiwa kwamba asubuhi maneno yake hayakufika.

Walinitoa pale nilipozoea kusimama, wakaniapisha kwa Msahafu, wakamtafuta mwalimu mmoja amtafsirie kijana maneno yangu kwa Kisomali. Ilikuwa ajabu kusikia aibu yangu ikisemwa kwa sauti ya mtu mwingine. Baba aliitwa baada yangu. Aliongea mwenyewe kwa Kiswahili, bila mkalimani. "Ni kweli, bwana jaji. Mimi iliongeza miaka. Bolisi ilikuwa nasumbua yeye barabarani." Wakati akishuka alipita karibu nami, na hakunitazama.

Kijana alipelekwa hospitali. Daktari akamtazama magego, akampiga picha ya kifundo cha mkono, akaandika kwamba umri wake ni kati ya kumi na saba na kumi na tisa. Ukitoa ile miaka miwili ya rumande, siku ya kisima alikuwa mtoto kwa hesabu yoyote ile. Jaji akakubali. Hatanyongwa.

Nilikuwa benchi la nyuma siku adhabu iliposomwa, nikiwa nimeshafutwa kazi. Mwalimu akaitafsiri vizuri kuliko ambavyo ningeitafsiri mimi: kijana atawekwa gerezani kwa muda atakaoamua Rais. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti, akalia, kisha akauliza ni gu ngapi. Mwalimu akamgeukia jaji. Jaji akasema haisemwi ni miaka mingapi. Mwalimu akarudi kwa mama, akamwambia hakuna hesabu. Mama akaomba aulize tena, labda jaji hakuelewa. Mwalimu wa watu akauliza tena.

Uongo wangu haukuadhibiwa kwa jela, sijui kwa nini, labda ningewaburuza wengi mno. Walioadhibiwa walikuwa wengine. Haukupita mwezi, maafisa wakafika Habaswein, wakachukua kipande cha baba, cha mama na cha kaka mkubwa, eti kwa uchunguzi. Havikurudi. Mjini Garissa ukaguzi ukakazwa kwa majuma kadhaa, vijana wakalazwa seli, na kila mama aliyengoja nje ya kituo cha polisi alijua ni ulimi wa nani uliomleta pale. Shangazi yangu, aliyeuza chai sokoni, alikosa wateja. Yule mzee wa mkahawani akaacha kuitikia salamu yangu, na kwa Mwislamu hilo si jambo dogo. Mimi nilihasirika pia, lakini kipande changu hakikuguswa. Nikavuka daraja, nikaenda Kenya, nikapata kibarua cha ukarani kwenye ghala huko Thika.

Kijana naye alipelekwa gereza la bara. Hapo ndipo hesabu yangu mpya ilipoonekana ilivyokuwa mbaya. Nilikuwa nimeiokoa shingo yake kwa vipande vya watu wote wa kwao. Na bila kipande hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuvuka Tana kwenda kumwona.

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini mama aliniletea ujumbe kupitia dereva wa lori: njoo Garissa. Nilidhani ananiita anilaani, nikaenda nikiwa tayari kulaaniwa. Nilimkuta amekaa kwa jamaa zake na ndoo ndogo ya nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, imefungwa kwa kitambaa. Hakunilaani. Aliniambia, "Wewe una kipande. Twende wote mpaka watakaponizuia."

Tulikwenda. Kwenye kizuizi cha daraja askari kijana, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mama, kitambulisho."

"Kibande serikali imechukua," akamjibu kwa Kiswahili alichokuwa amejifunza tangu ile siku ya mahakama, na nilijua amejifunza kwa sababu yangu. "Mtoto yangu iko jela, Kenya. Mimi naona yeye tu, narudi."

Askari akatikisa kichwa. Alijaribu kumweleza kwa upole, na upole wake ulinikera kuliko matusi. Mama akanikabidhi ndoo. Akaniambia nimtazame vizuri, nimhesabie meno, niangalie kama anakonda, nije nimwambie kila kitu. Kisha akanishika mkono wa shati, akasema, "Usiache hata sentensi moja." Nilivuka daraja nikilia hadharani kama mtoto, mtu mzima mimi, na ndoo ya nyama mkononi.

Gerezani waliikataa ndoo langoni. Wakanisimamisha kwenye wavu, wakamleta mtu. Alikuwa na ndevu kamili, na mvi mbili tatu ambazo hazikuwa za umri wake wa kweli wala ule wa kipande. Nilimsalimu kwa Kisomali, akanijibu kwa Kiswahili cha bara, kilichonyooka kuliko changu. Kule ndani hakuwa na mtu wa kuongea naye lugha ya mamake. Nikampa salamu. Nikamweleza kuhusu kizuizi na nyama. Aliuliza kama mama yake bado anaona vizuri, akauliza kuhusu ngamia, yupi amezaa. Niliogopa kumwuliza anaendeleaje, nikamwuliza kama kuna lolote waliloambiwa kuhusu kutoka.

"Kila mwaka wanaandika ripoti," akasema. "Inaenda kwa Rais. Aliyeingia na mimi, mtu mzima, kesi ya wizi wa ng'ombe, miaka mitano, ametoka zamani."

Kisha akausogelea wavu, na kwa mara ya kwanza akanitazama kama alivyonitazama siku ile kutoka kizimbani.

"Wewe ndiye uliwaambia mimi ni mtoto," akasema. "Rudi uwaambie nimekua."